Je, wajua kwa nini Waestonia huwasha moto wa siku ndefu kuliko zote wakati siku hiyo imeshapita?

Jioni ya tarehe 23 Juni mioto huwaka kote Estonia, nchi ya kaskazini mwa Ulaya. Jina lake ni jaanituli, moto wa Jaan, na Jaan ni Yohane: kesho yake, tarehe 24, ni Jaanipäev, sikukuu ya Yohane Mbatizaji. Watu huimba, hupanda bembea kubwa ya kijiji, na miale ikishashuka vijana huruka juu ya moto. Pwani na visiwani, kama Saaremaa, mashua iliyozeeka hugeuzwa kuni. Mbao zilizokunywa lami ya misonobari kwa miaka mingi huwaka vizuri mno.

Sasa tazama kalenda. Siku ndefu kuliko zote kaskazini mwa dunia ni tarehe 20 au 21 Juni. Mbona basi wanachelewa siku tatu?

Jibu linalorudiwa sana ni kwamba hii ilikuwa sikukuu ya jua ya wapagani, kisha Kanisa likaisogeza makusudi ili kuibandika jina la mtakatifu. Jibu hilo ni tamu, ila limekosea. Tarehe 24 iliwekwa pale pale ambapo Warumi waliamini jua hugeukia. Kilichoteleza baadaye ni kalenda.

Anza na vidole. Warumi walihesabu siku za nusu ya pili ya mwezi kwa kurudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na hiyo tarehe mosi yenyewe ikahesabiwa kuwa ya kwanza. Kidole cha kwanza 1 Januari, cha pili 31 Desemba, endelea hivyo hivyo: cha nane kinakupa 25 Desemba. Rudia kwa Julai: cha kwanza 1 Julai, cha pili 30 Juni, na cha nane ni 24 Juni. Hapakosekani siku, ni kwamba Juni ina siku 30 na Desemba 31. Kwa Mrumi hizo zilikuwa tarehe pacha, ya nane kabla ya mwezi kuanza, na kwa desturi yao ndizo siku ambazo jua hugeuka, moja ya kiangazi na moja ya baridi. (Desturi, nasema, usidai usahihi wa saa na dakika.)

Injili ya Luka inasema Elisabeti alikuwa na mimba ya miezi sita Maria alipopashwa habari na malaika. Namna 25 Desemba ilivyopatikana kuwa Krismasi wataalamu bado wanabishana, lakini ikishakuwepo, Yohane anaangukia 24 Juni bila kusukumwa. Agostino, askofu wa Kanisa la kale, alilipenda jambo hili: Yohane ndiye aliyesema kwamba yeye hana budi kupungua, naye huzaliwa mchana unapoanza kupungua.

Sasa hizo siku tatu. Fikiria basi linalopita kituoni kila baada ya siku 365.2422: hilo ni jua. Abiria wake, yaani kalenda ya Julius Caesar iliyoanza mwaka 45 kabla ya Kristo, hutoka nyumbani kila baada ya siku 365.25. Mara ya kwanza anachelewa dakika 11. Mara ya pili, 22. Nani ataona? Lakini baada ya miaka 128 hivi amechelewa siku nzima, na basi lililopita tarehe 24 sasa limepita tarehe 23. Kufikia mwaka 1582 amebaki nyuma siku 13 hivi.

Mwaka huo Papa Gregori wa 13 alifuta siku 10: baada ya 4 Oktoba ikaja 15 Oktoba. Kwa nini 10, si 13? Kwa sababu kilichomsumbua kilikuwa Pasaka, na hesabu ya Pasaka ilisimama juu ya 21 Machi, siku ya usiku na mchana kulingana zama za Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325. Akairudisha kalenda mpaka Nikea, akaishia hapo. Karne zile karibu nne kati ya Caesar na Nikea zilikuwa zimeshakula siku tatu, na hizo hazikurudishwa.

Estonia yenyewe ina kioja zaidi. Chini ya dola ya Urusi ilibaki na kalenda ya Caesar hadi 1918. Mwaka 1917 Jaanipäev iliangukia 7 Julai ya kalenda ya leo, zaidi ya wiki mbili baada ya jua kugeuka, na moto ukawashwa. Kwa mkulima siku hii ilikuwa mpaka wa kazi: kupanda kumekwisha, kukata nyasi za mifugo kunaanza.

Hata hizo siku tatu, jicho haliwezi kuzitambua. Bembea ikifika juu kabisa hukawia kidogo kabla ya kurudi, na mchana ndivyo ulivyo kileleni: kati ya 21 na 24 Juni, mchana wa Tallinn, mji mkuu, hupungua kwa takribani dakika moja tu. Jua huzama karibu saa 4:40 usiku, huchomoza saa 10 alfajiri, na katikati hapo giza halikamiliki. Ndimo wapenzi huingia msituni kutafuta ua la kangaga, mmea usiotoa maua kabisa.

Kama kulikuwa na sherehe ya jua kabla ya Ukristo, ushahidi ni mwembamba, kwa kuwa maandishi kuhusu Waestonia yanaanza hasa na mapadre wa karne ya 13. Hata kisa cha Koit na Hämarik, alfajiri na machweo wanaobusiana majira haya, kiliandikwa na daktari Faehlmann katika karne ya 19.

Sweden mwaka 1953 na Finland mwaka 1955 ziliihamishia sherehe mwisho wa wiki. Estonia haikuigusa, na tarehe yake imefungwa fundo la pili: 23 Juni 1919 jeshi lake liliwashinda Wajerumani wa Baltiki karibu na Võnnu, mji ambao Walatvia huuita Cēsis. Siku hizi rais huwasha moto wa ushindi tarehe 23, ukapelekwa mikoani, na jioni mwali huo huo huwasha jaanituli.