Wageni wa mlangoni na wageni wa kwenye skrini: dhana potofu kuhusu hesabu za makumbusho

Makumbusho makubwa ya dunia yana desturi ya kutangaza hesabu za wageni mwaka unapoanza. Louvre ya Paris ilipokea watu milioni 8.7 mwaka 2024. British Museum ya London, milioni 6.5. Zamani habari iliishia hapo. Sasa hufuatana na hesabu ya pili, ya waliofungua tovuti, wanaofuata akaunti na waliotazama video, na hiyo ya pili mara nyingi ndiyo kubwa. Basi watu huzipambanisha, na maneno yanaanza: huyu anatangaza kwamba majengo yamepitwa na wakati, yule anasema za mtandaoni ni hewa tupu. Wote wawili wana kosa lile lile. Hawajauliza kila hesabu ilihesabu nini.

Dhana: Ziara milioni 20 ni watu milioni 20

Sivyo. Tovuti hazihesabu watu bali ziara, na ziara ni kipimo kilichobuniwa na watengeneza programu. Kwa Google Analytics, programu ya kuhesabu ziara inayotumiwa na tovuti nyingi sana, ukikaa nusu saa bila kugusa ukurasa kisha ukarudi, umekuwa ziara mpya. Mwanafunzi mwenye insha ya Misri ya kale akisoma asubuhi kwa simu yake, mchana kwa kompyuta ya maktaba na usiku kwa simu ya dada yake, ameacha ziara tatu, na huenda programu ikadhani ni watu watatu. Kinyume chake pia hutokea. Mwalimu akiwasha projekta na watoto 50 wakatazama kinyago kimoja ukutani, hiyo ni ziara moja tu. Tena huko Ulaya, tangu sheria ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika mwaka 2018, anayekataa vidakuzi, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huweka kwenye kifaa chako ili ikutambue, anaweza asionekane kabisa. Namba moja, basi, inaweza kuwa imezidishwa upande huu na kupunguzwa upande ule, na hakuna anayejua kwa kiasi gani.

Video zina shida zaidi. Facebook ilizoea kuhesabu mtazamo baada ya sekunde 3. TikTok huhesabu video inapoanza tu kucheza, na YouTube nayo ilifuata mkondo huo kwa video zake fupi mwezi Machi 2025. Makumbusho yanayojisifu kwa kutazamwa mara milioni kwa vipimo vya namna hii yamemwandika kwenye kitabu cha wageni kila abiria wa daladala aliyepita nje na kugeuza shingo.

Wafuasi ni jambo jingine tena. Aliyebonyeza kitufe cha kufuata mwaka 2016 bado yumo kwenye hesabu leo, hata kama ameshaacha kuifungua akaunti ile. Wafuasi hurundikana mwaka hadi mwaka. Wageni wa mlangoni huanza na sifuri kila tarehe 1 Januari. Anayesema makumbusho fulani yana wafuasi milioni 5 na wageni milioni 2, halafu akagawanya, amegawanya akiba kwa mshahara.

Dhana: Za mlangoni ndizo za uhakika

Ni za uhakika zaidi pale ambapo kuna tiketi. Makumbusho ya bure, kama British Museum au yale ya Smithsonian kule Washington, hutegemea vifaa vya kuhesabu vinavyowekwa penye milango, na kifaa hakimjui mtu. Aliyetoka kula chakula cha mchana akarudi ni wawili. Ndiyo maana Smithsonian yenyewe huzungumzia ziara, si watu: makumbusho yake mengi yamepangana kandokando ya uwanja mmoja, na familia ikiingia matatu kwa siku moja, kila mwanafamilia amehesabiwa mara tatu.

Hata penye tiketi, namba haisemi mtu alifanya nini ndani. Piramidi ya kioo ya Louvre, iliyofunguliwa mwaka 1989, ilikusudiwa kupitisha watu wapatao milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2018 walipita milioni 10.2. Kiasi cha watu 20,000 kwa siku humiminika kwenye ukumbi mmoja kuitazama Mona Lisa, picha ya sentimita 77 kwa 53, na wengi huitazama wakiwa nyuma ya msitu wa simu zilizoinuliwa. Msongamano ulifika hatua Louvre ikaweka kikomo cha wageni 30,000 kwa siku, na Januari 2025 Rais Macron akatangaza kwamba Mona Lisa itahamishiwa chumba chake yenyewe. Kwa hiyo tukimcheka wa mtandaoni kwamba alitazama sekunde chache, tuulize pia huyu wa mlangoni alipata sekunde ngapi. Na wa mlangoni amelipa nauli ya ndege.

Dhana: Korona iliwahamishia watazamaji mtandaoni moja kwa moja

Hii ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, na ndiyo yenye namba nzuri za kuichunguzia. Mwaka 2020 wageni wa Louvre waliporomoka kutoka milioni 9.6 za mwaka uliotangulia hadi milioni 2.7. Mwaka huo huo tovuti yake ilipata ziara milioni 21. Ukizipanga namba hizo bila maelezo, utaapa kwamba umma ulifunga virago ukahamia kwenye skrini.

Sasa tuangalie kwa ukaribu. Kwanza, tovuti ilikuwa juu hata kabla ya janga: mwaka 2019 ilipata ziara milioni 14.1, wakati milango iko wazi na foleni zinazunguka uwanja. Pili, kati ya zile milioni 21, milioni 10.5 ziliingia katika siku 71 tu, kuanzia tarehe 12 Machi hadi 21 Mei, wakati ambao kwa sehemu kubwa Ufaransa na nusu ya dunia walikuwa wamefungiwa nyumbani. Hizo ni kama ziara 148,000 kwa siku. Zinabaki milioni 10.5 nyingine kwa siku 295 zilizosalia za mwaka. Gawanya: ni takriban 36,000 kwa siku. Na mwaka 2019, kabla mtu yeyote hajavaa barakoa? Karibu 39,000 kwa siku.

Yaani ukiondoa siku zile 71, mwaka wa janga ulikuwa pungufu kidogo ya mwaka wa kawaida. Wimbi lilipanda na likashuka. Watu walikuwa nyumbani, wamechoka na habari za vifo, wakafungua ziara ya picha za vyumba vya Louvre, na ruhusa ya kutoka ilipokuja wakatoka.

Kuna pingamizi la haki hapa. Tovuti ya makumbusho ni ukumbi wa maonyesho na pia ni dirisha la tiketi. Sehemu ya zile 39,000 za mwaka 2019 walikuwa watu wanaotafuta bei, saa za kufungua na mlango upi una foleni fupi. Makumbusho yakifungwa, hao hutoweka. Huenda basi miongoni mwa 36,000 za mwaka 2020 walikuwamo watazamaji wa kweli zaidi kuliko awali. Inawezekana kabisa. Lakini pingamizi hilo linabomoa mlinganisho wenyewe: ikiwa sehemu ya wageni wa tovuti ni wale wale wanaojiandaa kwenda, basi hatuna makundi mawili yanayoshindana. Mtu mmoja amehesabiwa Jumanne akinunua tiketi kwa simu, akahesabiwa tena Jumamosi akiingia chini ya piramidi.

Dhana: Ukiweka kila kitu mtandaoni bure, nani atalipa kiingilio?

Tarehe 26 Machi 2021 Louvre ilifungua hifadhidata yenye rekodi zaidi ya 480,000 za mali zake, bure kwa yeyote. Wageni wa mlangoni wakawa milioni 8.9 mwaka 2023. Sidai kwamba hifadhidata ndiyo iliyowaleta. Waliletwa na kufunguliwa kwa mipaka na ndege. Ninachosema ni kwamba haikuwazuia. Mona Lisa yenyewe inajibu hoja hii, maana hakuna mchoro ulionakiliwa zaidi yake, kwenye vikombe, fulana na mabango, na hakuna wenye foleni ndefu kuliko wake.

Rijksmuseum ya Amsterdam ilitoa picha zake za ubora wa juu bure kuanzia mwaka 2012, watu wakazichapa kwenye mapazia na vifuniko vya simu. Januari 2022 ikatoa picha ya mchoro wa walinzi wa usiku wa Rembrandt, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, yenye pikseli (nukta zinazounda picha) bilioni 717. Kwenye skrini unaweza kusogea mpaka uone nyufa za rangi ndani ya jicho la mlinzi, jambo ambalo ukiwa ukumbini huliwezi, kwa sababu uzio unakuzuia. Ukumbini nako unakutana na turubai la zaidi ya mita 3.7 kwenda juu na 4.5 kwenda upande, na hakuna simu itakayokupa ukubwa huo. Aliyeona nyufa na aliyesimama mbele ya turubai wameona vitu viwili.

Dhana: Wafuasi wengi huleta foleni mlangoni

Mara nyingine huleta. Julai 2020 mwanamitandao maarufu wa Italia, Chiara Ferragni, alipiga picha kwenye makumbusho ya sanaa ya Uffizi, Florence, na mkurugenzi wa wakati huo, Eike Schmidt, akatangaza kwamba vijana waliongezeka kwa asilimia 27 wikendi hiyo. Magazeti yalifurahia sana. Lakini ilikuwa Julai 2020, Italia imetoka kifungoni majuzi, wageni wachache. Asilimia juu ya kiasi kidogo hupanda haraka.

Na mara nyingine haileti, wala si lazima ilete. Mwaka 2018 jumba dogo la makumbusho ya maisha ya shamba, la Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza, lilirusha Twitter picha ya zamani ya kondoo dume mmoja mnene kupindukia, kwa maneno machache ya utani. Zaidi ya watu laki moja waliipenda. Wengi wao hawatakanyaga Reading maishani mwao, na sioni kosa. Walicheka, baadhi wakajifunza kidogo kuhusu ufugaji, kazi ya makumbusho ikawa imefanyika. Kuipima picha ile kwa tiketi ni kuionea.

Dhana: Mtandao umefuta umbali

Hapa inatuhusu sisi moja kwa moja. Mifupa ya dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa kwenye makumbusho, zaidi ya mita 13, ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na iko Berlin. Inasemekana sasa hilo si tatizo tena, kwani mtoto wa Lindi atamwona kwenye simu. Kwa bando la nani? Na kwa lugha gani, ilhali maelezo mengi ya hifadhidata hizi ni Kijerumani na Kiingereza? UNESCO ilipochunguza hali ya makumbusho katika janga mwaka 2020, ilikuta kwamba barani Afrika na katika nchi ndogo za visiwa ni asilimia 5 tu ya makumbusho yaliyoweza kutoa chochote mtandaoni. Wale wanafunzi wanaopakiwa kwenye mabasi ya shule kwenda kuona fuvu au ngome ya Wareno hawana mbadala wa kwenye skrini. Milango ikifungwa, wao hawahamii popote.

Hata hivyo kuna mambo ambayo ni skrini pekee inayoyaweza. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wasanii na makumbusho mawili ya Ujerumani, yalikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko nje ya nchi: zaidi ya 32,000, katika taasisi 30. Hakuna jengo linaloweza kuvionyesha pamoja. Vingi havionyeshwi popote. British Museum yenyewe, yenye vitu kama milioni 8, huweka ukumbini takriban 80,000, yaani asilimia 1. Vilivyobaki viko ghalani.

Miongoni mwa vilivyo ghalani humo ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ambayo British Museum inayo tangu mwaka 1908. Hata mmoja kati ya wale milioni 6.5 wa mwaka 2024 hakuiona ukumbini. Mpokomo wa Garsen akiitafuta mtandaoni, akasoma rekodi yake kwa dakika mbili, akamwonyesha babu yake, atahesabiwa kama ziara moja. Mtalii aliye hotelini London, anayetaka kujua makumbusho yanafungwa saa ngapi, naye ni ziara moja.