Choo Laini Kisichotoka: Tatizo Linapokuwa kwenye Misuli ya Nyonga

Mtu akikosa choo, Unguja na Pemba ushauri wa mwanzo huwa ni ule ule: ale papai, anywe maji, na ikishindikana atumie dawa ya kuendesha. Wengi huwafaa. Lakini wapo ambao choo chao ni laini, haja wanaihisi, na bado hukaa msalani nusu saa bila ya kumaliza. Tatizo la hao haliko kwenye chakula. Liko mlangoni.

Chini ya fupanyonga imetandwa misuli, mithili ya kamba za kitanda, inayobeba kibofu, utumbo na, kwa mwanamke, mji wa mimba. Msuli mmoja umepita nyuma ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, na kuivuta mbele. Ukikaza, njia hupinda na choo hubaki ndani. Wakati wa haja unatakiwa ulegee ili njia inyooke. Kwa wenye tatizo hili mambo hugeuka: wakijikamua, ndipo msuli unapokaza. Wakizidisha nguvu, mlango nao huzidi kufunga.

Mazoea haya aghalabu huanza kwa kuzuia haja, kama mtoto anayekiogopa choo cha skuli, au kwa maumivu ya mchaniko kwenye njia ya haja kubwa. Kwa wanawake, uzazi huweza kuulegeza ukuta ulio baina ya puru na uke, choo kikaingia kwenye kifuko upande wa mbele. Ndiyo maana baadhi yao hulazimika kubonyeza msamba, au ukuta wa uke kwa kidole, ili wamalize. Wengi huificha hali hii miaka mingi kwa haya, ilhali ni dalili inayomsaidia sana daktari.

Chagua wakati ambao utumbo wenyewe huamka: ndani ya nusu saa baada ya chai ya asubuhi. Mwezi wa Ramadhani, jaribu baada ya futari au daku. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia vizuri, kwa hivyo asiyeumwa na magoti asikiache. Kwenye choo cha kukaa, weka chini ya miguu kigoda cha sentimita 15 hadi 20. Tofali la inchi 6 lililolazwa linatosha. Magoti yawe juu kuliko nyonga, viwiko juu ya mapaja, mgongo umenyooka.

Sasa vuta pumzi mpaka tumbo litoke nje. Itoe taratibu kwa mdomo, kama anayepuliza chai ya moto, huku tumbo likibaki pana na ukisukuma kidogo kuelekea chini. Usizuie pumzi, usikaze meno. Taya likikaza, na chini hukaza. Dakika 10 zikipita bila ya kitu, inuka, urudi haja itakapokuja tena.

Mazoezi ya kubana wanayofundishwa kina mama baada ya kujifungua ni mazuri kwa mkojo unaovuja, lakini kwa tatizo hili kubana peke yake kunaweza kuongeza shida. La kujifunza hapa ni kuachia. Ukiwa umelala ubavu, bana kidogo kwa sekunde 5, kisha achia kwa sekunde 10 ukihisi misuli inashuka. Rudia mara 10, asubuhi na jioni.

Maharage, choroko, mchicha na matembele viongezwe kidogo kidogo. Mlango ukiwa bado umefunga, kuvizidisha huleta gesi na tumbo kujaa tu.

Ukipita mwezi bila ya nafuu, nenda kituo cha afya. Usisubiri mwezi ukiona damu, ukikonda bila ya sababu, au choo kikibadilika ghafla baada ya umri wa miaka 50. Tumbo likivimba huku unatapika na hata upepo hautoki, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Daktari atapima kwa kidole chenye glavu na kilainishi, akikwambia ubane, kisha usukume kama uliyeko msalani. Kipimo huchukua dakika chache, na humwonesha iwapo msuli unalegea au unakaza. Mwanamke anaweza kuomba apimwe na daktari mwanamke, au awepo muuguzi mwanamke chumbani.