Kukosekana kwa Herufi Katika Fonti: Maana Yake na Namna ya Kukabiliana Nako

Kukosekana kwa herufi katika fonti ni hali ambapo maandishi yaliyomo kwenye faili ni sahihi, lakini fonti iliyochaguliwa haina umbo la kuionyesha mojawapo ya herufi zilizoandikwa. Kompyuta haihifadhi mchoro wa herufi. Huhifadhi namba yake katika orodha ya kimataifa iitwayo Yunikodi, na kazi ya fonti ni kubeba michoro pamoja na jedwali linaloeleza kwamba namba hii ichorwe kwa umbo lile. Namba inapokosekana katika jedwali hilo, programu nyingine huchora kisanduku kitupu, nyingine huazima umbo kutoka fonti tofauti bila kumwarifu mtu, na TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu kwa maagizo yanayoandikwa, kwa kawaida huiruka herufi hiyo kabisa, kisha huandika onyo katika faili la kumbukumbu ambalo wachapaji wengi hawalifungui.

Anayechapa Kiswahili pekee anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na jambo hili, kwa kuwa Kiswahili hakina herufi zenye alama juu wala mstari katikati. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mambo hubadilika pale kazi inapokuwa ya Kinyakyusa, Kimalila cha Mbeya au Kivwanji cha Makete, lugha zenye irabu saba, ambazo katika tahajia ya sasa huandikwa kwa kuongeza ɨ na ʉ kando ya i na u. Mwenye steshenari wa Mwanjelwa au Tukuyu, aliyezoea kutoa kadi za harusi na ratiba za mazishi kwa Kiswahili, huona visanduku kwa mara ya kwanza anapoletewa nyimbo za kwaya au somo la Biblia kwa lugha ya nyumbani.

Tulichukue neno lenyewe, Ɨkɨnyakyʉsa. Ndani yake mna Ɨ kubwa, ambayo katika Yunikodi ni namba 0197, ɨ ndogo, namba 0268, na ʉ ndogo, namba 0289. Likiandikwa hivyo katikati ya aya, huenda fonti ikalionyesha vizuri. Likiandikwa lote kwa herufi kubwa, kama vichwa vya vitabu vinavyopendwa kuandikwa, inahitajika Ʉ kubwa, namba 0244, na hiyo iliingia katika Yunikodi mwaka 2006 tu, katika toleo la 5.0, ilhali ʉ ndogo ilikuwamo kabla ya hapo kama alama ya wataalamu wa fonetiki. Ndiyo maana fonti ya zamani inaweza kuonyesha kurasa zote za ndani bila dosari, kisha ikatoa kisanduku kwenye jalada. Kwa sababu hiyohiyo, kuijaribu fonti kwa kuandika é hakuthibitishi chochote: é inahitajika Ufaransa na kwingineko Ulaya Magharibi, kwa hiyo karibu kila fonti ya kawaida inayo.

Alama za toni zinaleta ugumu wa aina nyingine. Herufi é ina namba yake moja, 00E9, lakini pia inaweza kuandikwa kama e ikifuatiwa na alama ya juu yenye namba 0301, na zote mbili huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Herufi ɨ́ haina namba ya peke yake. Njia iliyopo ni kuandika 0268 na kuifuatisha 0301. Hapo haitoshi fonti kuwa na maumbo yote mawili, bali inapaswa pia kubeba maelekezo ya mahali alama ikae juu ya herufi, na nukta ya ɨ iondoke ili kuipisha. Fonti isiyo na maelekezo hayo huiacha alama ikining'inia pembeni au kuigandamiza juu ya nukta, na matokeo yake ni mabaya kuliko kisanduku, kwa sababu msomaji wa prufu aliyechoka huyapita bila kuyaona.

Hali hii isichanganywe na ile ya é kugeuka kuwa Ã©. Hilo ni kosa la usimbaji: faili lilihifadhiwa kwa utaratibu mmoja na kufunguliwa kwa utaratibu mwingine, na kubadilisha fonti hakutasaidia kitu.

Watumiaji wa TeX ya zamani walikuwa na kikwazo cha ziada. Fonti za awali za Donald Knuth, aliyeiunda TeX, zilikuwa na nafasi 128 tu, alama ikapachikwa juu ya herufi wakati wa kupanga ukurasa, na neno lililopachikwa hivyo halikuweza kukatwa vizuri mwishoni mwa mstari. Mpangilio wa nafasi 256 uliokubaliwa katika mji wa Cork, Ayalandi, mwaka 1990 uliwafaa Wazungu, lakini ɨ haimo. Leo XeTeX na LuaTeX, ambazo ni TeX za kizazi kipya, husoma Yunikodi moja kwa moja, na katika matoleo ya karibuni ukiweka agizo \tracinglostchars=3 kazi husimama palepale herufi inapokosekana. Kwa maoni yangu, kila kitabu cha lugha zetu kingepangwa agizo hilo likiwa limewekwa.

Dawa ni kubadilisha fonti na kuyaacha maandishi yalivyo. Charis, Doulos, Gentium na Andika, zote za shirika la lugha la SIL na zote za bure, zina ɨ na ʉ, ndogo kwa kubwa, pamoja na maelekezo ya kuweka alama. Wapo wanaochukua i ya kawaida na kuikata kwa mstari wa kufutia. Kwenye karatasi inadanganya macho kidogo, lakini kwenye faili bado ni i, hivyo anayetafuta neno halipati, na anayenakili aya anabaki na tahajia isiyo sahihi.

Kabla ya kupeleka PDF kiwandani, fungua sifa za faili na utazame orodha ya fonti zilizopachikwa ndani. Ukikuta jina la fonti ambayo hukuichagua, basi kuna herufi iliyoazimwa mahali fulani, na ni rahisi zaidi kuitafuta sasa kuliko baada ya nakala kuchapwa.