Presha ya gesi sio ile presha ya kupanda na kushuka

Wiki iliyopita jirani yangu huku Buhongwa, Mwanza, kafungiwa jiko la gesi la plate mbili na mtungi wa kilo 15. Fundi kawasha, kainama kidogo kachungulia moto, akasema "mama presha iko poa kabisa", akachukua hela yake akasepa. Leo masufuria yana masizi kama ya kuni, jirani anampigia "fundi presha imeshuka huku", na yeye bila hata kuja kuangalia anajibu "basi gesi hiyo inaelekea kuisha mama". Mtungi wa wiki moja! Nikasema hapana, hili neno leo tuliongelee kidogo.

Presha ni msukumo, yaani nguvu inavyobana kwenye eneo fulani. Basi. Kiswahili cha sayansi kinaiita kanieneo, na mimi naipenda hii kwa sababu aliyeitunga kaiweka maana nzima ndani ya jina: kani ni nguvu, eneo ndo eneo, gawanya ya kwanza kwa ya pili umepata jibu. Ila nenda duka la gesi pale Kirumba useme "naomba mnipimie kanieneo" uone watakavyokuangalia.

Sisi tumebaki na presha, na presha tumeizoea ya hospitali. Kuna presha ya kupanda, kuna presha ya kushuka, bibi fulani ana presha usimpe habari ghafla, na hata mkopo ukichelewa unasema nina presha. Sasa mtu aliyelelewa na neno hilo akiona moto dhaifu anaona mgonjwa, jiko lina presha ya kushuka, lipandishwe.

Halafu kuna hili neno jingine linalotupoteza kimya kimya, mtungi. Mtungi ulikuwa wa maji, wa udongo, na hata leo presha tunayoijua kwa mikono yetu ni ya maji. Tenki likijaa bomba linatoka kwa nguvu, likibaki robo linachuruzika, na wanaoishi juu kwenye miamba wanajua zaidi yangu. Kwa hiyo akili inapiga hesabu yenyewe, mtungi umepungua basi na presha imepungua. Kwa maji ni kweli, kwa gesi sivyo.

Kilichomo kwenye mtungi ule ni kimiminika, ndo maana ukiutikisa unasikia kinacheza. Ni propani na butani zimechanganywa, propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo kwa joto la Mwanza vitu hivi vinataka kuchemka muda wote, na ule mvuke wao ndo unaosukuma. Msukumo huo unafuata joto la mtungi na mchanganyiko uliomo, haufuati kilo zilizobaki, hivyo mtungi nusu unasukuma karibu sawa na uliojaa mpaka kimiminika kikauke. Kinachoweza kuushusha katikati ya safari ni baridi. Ukipika kwa moto mkubwa muda mrefu mtungi unapoa na unatoka jasho, uache upumzike, na tafadhali usiutumbukize kwenye maji ya moto.

Na huo msukumo wa ndani haufiki jikoni ulivyo. Regyuleta, kile kifaa kinachokaa kichwani pa mtungi kabla ya mpira wa jiko, inaukata mara mia hivi au zaidi, hadi kama milibari 30 (milibari ni kizio cha kupimia presha), soma pale juu yake imeandikwa. Ya nyumbani kwa kawaida haina cha kuzungusha, imeshapangwa kiwandani. Zile zenye kishikio cha kuzungusha ni za majiko makubwa ya wakaanga chipsi, na kuna mafundi wanakuja kukufungia hiyo eti "kupandisha presha". Usikubali.

Hapo sasa turudi kwenye masizi. Moto wa njano wenye masizi mara nyingi umekosa hewa. Ujazo mmoja wa propani unataka hewa kama 24 uungue vizuri, na hewa yetu huku zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Matundu ya jiko yanayotoa moto yakizibwa na mchuzi wa dagaa uliomwagika, au kile kidirisha cha hewa chini ya jiko kikiwa kimefungwa, unapata njano, na njano inaweza kuja na kaboni monoksidi, hewa ya sumu ambayo haina harufu kabisa, ile harufu unayoijua imetiwa makusudi kwenye gesi ili uvujaji ujulikane. Kuongeza presha hapo ni kuongeza gesi juu ya gesi iliyokosa hewa tayari.

Na presha haionekani kwa macho, inapimwa. Nchi za baridi fundi akimaliza kufunga tanuru la gesi la kupasha nyumba joto anachomeka kipimo kabla hajaondoka. Cha asili kabisa ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umekunjwa kama herufi U na una maji: maji ya pande mbili yakipishana sentimita 30 hivi jiko likiwa linawaka, hizo ndo milibari 30. Povu la sabuni kwenye maungio ni lazima pia, ila hilo linatafuta uvujaji, usiambiwe ndo kupima presha.

Kwa hiyo jirani yangu, ukimpigia tena usimwambie presha imeshuka, maana atakimbilia regyuleta au atakuuzia mtungi mwingine. Mwambie moto umekuwa wa njano na sufuria zina masizi, aje aanze na matundu.