Lenzi ya kamera ya ulinzi kwa vitu vya mbali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana inayotangulia nyingine zote madukani Zanzibar, kuanzia Darajani hadi Chake Chake, ni kwamba kamera yenye megapikseli nyingi (mamilioni ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha) ndiyo inayoona mbali. Ukweli ni kwamba pikseli hazikisogezi kitu karibu. Kazi hiyo ni ya lenzi, na kipimo chake ni urefu wa fokasi, ambao huandikwa kwa milimita kwenye boksi la kamera. Milimita zikiwa chache, picha huwa pana na vitu huwa vidogo. Zikiongezeka, eneo linaloonekana hupungua na vitu hukua.

Tumchukue mwenye nyumba ya wageni wa Jambiani anayetaka kuilinda ngalawa yake iliyotia nanga mita 50 kutoka barazani. Upana wa eneo litakaloonekana hupatikana kwa kuzidisha upana wa kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea picha nyuma ya lenzi, kwa umbali, kisha kugawa kwa urefu wa fokasi. Kihisi cha inchi 1/2.8, ambacho kimo katika kamera nyingi, kina upana wa takriban milimita 5.6. Kwa hiyo lenzi ya milimita 2.8, inayokuja na kamera nyingi za bei nafuu, itachukua kiasi cha mita 100 za pwani. Ya milimita 12 itachukua mita 23, na ya milimita 50 itachukua mita 5.6 tu.

Hapo ndipo pikseli zinapopata maana. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014 kilitaka pikseli 25 kwa kila mita ili kugundua kwamba mtu yupo, 125 ili kumtambua mtu unayemfahamu, na 250 ili kumbainisha hata asiyejulikana. Kamera ya megapikseli 8, yenye pikseli 3840 kwa upana, ikiwa na lenzi ya milimita 2.8, itatoa pikseli 38 tu kwa mita pale ilipo ngalawa, ilhali kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 50 itatoa pikseli 343.

Wapo wanaojiliwaza kwamba picha itavutwa baadaye kwenye simu. Kuvuta huko hukuza pikseli zilizokwisha kurekodiwa wala hakuongezi hata moja, na uso uliorekodiwa kwa pikseli sita utabaki na pikseli sita.

Wengine huziamini namba za "mara 4" au "mara 20" zilizoandikwa kwenye lenzi za kuvuta. Namba hizo ni uwiano tu kati ya urefu mkubwa na mdogo wa fokasi wa lenzi hiyo: milimita 4.7 hadi 94 ni mara 20, na 2.8 hadi 12 ni kama mara 4. Lenzi isiyobadilika ya milimita 50 haina "mara" yoyote, na bado inaona mbali kuliko hiyo ya mara 4.

Je, basi lenzi ndefu zaidi ndiyo bora daima? La, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa la gharama kubwa zaidi, kwa sababu hufanywa na mtu aliyekwisha kujielimisha nusu. Chombo kilichofungwa kwa nanga moja hakitulii. Huzunguka kwa upepo na kwa mkondo wa maji yanayojaa na kupwa, na kamba ya mita 10 yaweza kukipeleka popote ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 20. Picha ya upana wa mita 5.6 itakipoteza mara kwa mara. Aidha lenzi hiyo ya milimita 50 huona pembe ya nyuzi zipatazo 6 tu, hivyo mlingoti ulioibeba kamera ukitikiswa na kusi kwa nyuzi moja, picha nzima husogea kwa karibu sehemu moja ya sita. Maji yakipwa, mtu huweza kuifikia ngalawa kwa miguu kutoka upande wowote, naye atakuwa nje ya picha mpaka dakika ya mwisho. Kwa ngalawa hii ningechagua lenzi ya milimita 12 kwenye kamera ya megapikseli 8: mita 23 za upana na pikseli 165 kwa mita, zinazotosha kumtambua mtu wa mtaani. Lenzi ya milimita 50 ingefaa lango au ngazi, mahali ambapo kila mtu hulazimika kupita.

Usiku mambo hubadilika. Umbali wa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho ambao kamera huutoa ili ione gizani, ulioandikwa kwenye boksi hauhakikishi kwamba sura itasomeka pale, kwani umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaokifikia kitu hubaki robo. Lenzi nyingi za kuvuta nazo hupitisha mwanga mchache zaidi zikivutwa hadi mwisho, kwa hiyo taa ya ziada iliyo karibu na chombo husaidia kuliko kamera ya bei kubwa zaidi. Chumvi ya bahari iliyoganda kwenye kioo huurudisha mwanga wa infraredi ndani ya lenzi na kuifanya picha iwe na ukungu mweupe. Kioo kimwagiwe maji baridi yasiyo na chumvi kwanza, ndipo kifutwe kwa kitambaa laini, kwani chembe zikisuguliwa zingali kavu hukikwaruza.