Je, wajua kwa nini mwanga wa leza huweza kupunguza uchungu wa sindano ya meno kwa mtoto?

Muulize mtu yeyote kinachouma kwenye sindano ya ganzi, atakutajia ncha. Ndiyo maana wazazi huomba sindano nyembamba zaidi. Lakini majaribio yaliyolinganisha sindano za geji 25, 27 na 30 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda sindano huwa nyembamba) yameonyesha kwamba mara nyingi wagonjwa hawawezi hata kuzitofautisha. Tazama vidole vya miguu vya mtoto akiwa kwenye kiti: aghalabu hujikunja daktari anapoanza kusukuma dawa, si ncha inapoingia.

Dawa hiyo ina makosa mawili. Lidokaini, dawa ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini huhifadhiwa ikiwa na asidi ili adrenalini isiharibike, kwa hiyo pH yake (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) huwa kama 3.5 hadi 5, wakati ya mwilini ni karibu 7.4. Lazima iwashe. Tena inataka nafasi. Upande wa shavuni nyama ni legevu, dawa hutanda bila shida. Kaakaani nyama imeshikamana na mfupa. Dawa hujipenyeza kwa nguvu, na sehemu hiyo hupauka ikawa nyeupe daktari akiangalia. Hapo hata mtu mzima hung'ang'ania mikono ya kiti.

Leza inayotumiwa kabla ya sindano si ile ya kukata. Ni ya nguvu ndogo, mwanga mwekundu au wa infraredi (usioonekana kwa macho) wenye mawimbi ya nanomita 600 hadi 1000 hivi, na mtoto akihisi chochote ni kivuguvugu tu. Haichukui nafasi ya ganzi pia. Jino haling'olewi kwa mwanga. Kazi yake ni kupoza ile dakika ya sindano. Wote chumbani huvaa miwani ya kukinga macho, jambo ambalo watoto wengine hulifurahia kuliko matibabu yenyewe.

Sasa mwanga unaifanyia nini neva? Neva hupeleka habari ya maumivu kwa umeme, na umeme huo hutegemea pampu za sodiamu na potasiamu, ambazo hula nishati bila kupumzika. Nishati hutengenezwa na mitokondria, vijiwanda vidogo ndani ya seli, nazo husafirishwa ndani ya uzi wa neva juu ya vijireli vyembamba. Chukua kijiji kinachovuta maji kwa pampu ya dizeli, na dizeli yote huletwa na bodaboda kwa njia moja. Njia ikikatika, pampu haijaharibika, lakini bodaboda zinarundikana kwenye matope, pampu inakohoa, na bombani yanatoka matone. Njia ikikauka, maji yanarudi. Kitu cha namna hiyo kimeonekana maabara: neva za panya zilipomulikwa kwa infraredi ya nanomita 830, nyuzi zilivimba hapa na pale kama kamba yenye mafundo, mitokondria zikakwama, na baadaye hali ikarejea kawaida. Ajabu ni kwamba mwanga wa jamii hiyohiyo, kwa dozi nyingine, huzichangamsha seli badala ya kuzizubaisha.

Ila sahani ya maabara si kaakaa la mtoto. Majaribio kwa watoto mengi ni madogo, kila moja na dozi yake, na maumivu hupimwa kwa mtoto kuchagua kati ya vikatuni vya nyuso, kutoka tabasamu hadi machozi. Baadhi yamekuta nafuu. Mengine hayakuona tofauti na jeli ya kawaida ya benzokaini, ganzi ya kupaka. Kwetu kuna la ziada: melanini, ile inayoipa ngozi na fizi weusi, hufyonza mwanga, hasa ule mwekundu wenye mawimbi mafupi, kwa hiyo fizi nyeusi hupata joto zaidi juu na mwanga kidogo zaidi chini. Dozi iliyopimwa kwenye fizi za waridi haifai kunakiliwa hivihivi.

Na kwa kuwa mkosaji mkuu ni dawa inayosukumwa, kliniki isiyo na leza haijakwama. Kuisukuma taratibu, takriban mililita 1 kwa dakika, hupunguza uchungu, na hakuhitaji mashine wala miwani.