Milioni mbili za kwenye kadi, na dhana nyingine zinazonichosha

Jumatatu iliyopita aliingia bwana mmoja ofisini kwetu hapa Mombasa kukatia gari lake bima. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi likanyooka, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Tulipomaliza karatasi za gari nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila anayeketi pale, habari za bima ya matibabu. Akatabasamu. "Huko niko sawa, ndugu yangu. Kazini tuna milioni mbili."

Nimefanya udalali wa bima miaka kumi na saba. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa makarani wa bandarini, kwa wahasibu, hata kwa manesi ambao ndio wanaozipokea hizo kadi dirishani. Mara ni milioni moja, mara tatu, ila wimbo ni ule ule. Nikamuuliza: milioni mbili hizo ni za nani, za nini, na mpaka lini? Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza jina la babu wa babu yake.

Basi leo nayaandika, nikiulizwa tena nimtumie mtu maandishi nipumzishe koo.

"Kazini tuna milioni mbili"

Milioni mbili ni kikomo cha juu kabisa cha kulazwa. Chini yake kuna vikomo vingine vidogo vidogo ambavyo havikuchapishwa kwenye kadi. Maradhi ya kudumu, pamoja na yale uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, yana kikomo chake. Uzazi una chake. Meno na macho vina vyake, na magonjwa ya akili vilevile. Halafu mara nyingi hiyo milioni mbili ni ya nyumba nzima, si ya kila kichwa: mtoto akilazwa Februari kwa laki nane, baba akianguka mwezi wa sita anaanzia pale mtoto alipoachia.

Tuyaangalie maradhi ya kudumu, maana ndiyo yanayotumaliza. Mikataba mingi ya makundi inayopita mezani kwangu huyatengea kama laki tatu. Mingine zaidi, mingine chini ya hapo. Sasa mchukue mtu ambaye figo zimekataa. SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima ya afya ya serikali, hulipa shilingi 10,650 kwa kila kikao cha kusafisha damu, tutumie bei hiyo iwe kipimo chetu. Kwa vikao viwili kwa wiki, laki tatu inakwisha baada ya vikao 28, yaani wiki 14. Mwaka mzima ni vikao 104, zaidi ya shilingi milioni 1.1. Kadi bado inasema milioni mbili, na haisemi uongo. Ila ile milioni moja na laki saba iliyobaki haihusiani na figo. Inamngoja mtu avunjike mguu.

Kuna mteja wangu wa bima ya nyumba ambaye mkewe alilazwa kwa matatizo ya presha. Bili ikafika laki saba na nusu, kampuni ya bima ikalipa laki tatu. Alinipigia simu usiku, anafoka, anadhani ameibiwa. Nikamwomba atafute kijitabu cha bima anisomee kipengele cha maradhi ya kudumu. Kimya. Kijitabu alipewa wiki ya kwanza kazini, akakitia kwenye droo pamoja na karatasi ya waranti ya jokofu. Hakuna aliyemwibia. Ile laki nne na nusu alikopa SACCO, na makato anayo mpaka leo.

Hapo sijagusa swali la "mpaka lini", na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Bima ya kundi ni mali ya mwajiri. Ukiachishwa kazi, ukijiuzulu au mkataba ukiisha, kadi inazimwa, na wakati mwingine inazimwa kabla wenzako hawajamaliza kukukatia keki ya kwaheri. Hata ukiwa bado kazini, mwajiri anaweza kuhama kampuni ya bima au kupunguza mafao mwaka ukigeuka, wala si lazima akuulize. Halafu kuna kustaafu. Mtu amelindwa miaka thelathini akiwa mzima wa afya, anakuja kuachiliwa mwezi ule ule ambao presha na sukari zimeshapiga kambi mwilini. Anakuja kwangu ana miaka 61, na fomu inauliza dawa anazomeza kila siku. Kampuni nyingi hazipokei mwanachama mpya wa umri huo. Zinazopokea zinataka vipimo kwanza, halafu zinataja bei ambayo mimi mwenyewe nikiisoma huangalia chini.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema hata mkinichoka: ukifika miaka arobaini ukiwa bado mzima, jinunulie bima yako ndogo kando, iwe kwa jina lako na si la mwajiri. Nunua ya kulazwa peke yake. Hapa nitagombana na wenzangu wa kamisheni, lakini matibabu ya nje, yale ya kutibiwa bila kulazwa, usiyanunue. Kikohozi, malaria ya mtoto, kidonda cha mguu, hayo ni mambo unayojua kwamba yatakuja, na gharama zake unaweza kuzikadiria. Kuyakatia bima ni kumpa mtu pesa zako akutunzie, halafu akukate na kodi ya ofisi yake. Pesa hiyo iweke SACCO. Bima iachie lile pigo ambalo mshahara wako hauwezi kulibeba. Na ukishaanza usikatize hata mwezi mmoja, kwa sababu ukirudi unaweza kuanzishiwa upya kipindi cha kusubiri: kwa kawaida siku 30 kwa maradhi, na mwaka mzima au karibu yake kwa uzazi na maradhi ya kudumu. Ajali peke yake ndiyo haisubirishwi.

Kuna na hili, ambalo linanishangaza jinsi lisivyojulikana. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango unaoweka kwenye mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa anayekatwa kodi ya asilimia 30, hiyo ni nafuu ya shilingi 4,500 kila mwezi. Watu wanailalamikia kodi ndani ya matatu kutoka Likoni mpaka Ukunda, na mlango huu uko wazi hawauingii. Muulize afisa wa utumishi kazini kwenu kama mfuko wenu wa pensheni una kipengele hicho. Akikuambia hajui, muulize tena wiki ijayo.

"SHA ni ya wasio na bima, mimi nakatwa bure"

Hasira naielewa. Enzi za NHIF, bima ya serikali iliyokuwapo kabla ya SHA, aliyelipwa laki moja na aliyelipwa laki tano wote walikatwa shilingi 1,700. Tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, bila kikomo cha juu. Wa laki moja anakatwa 2,750, wa laki mbili 5,500, na mwajiri haongezi hata senti. Mtu mwenye karo za shule tatu na mkopo wa kiwanja lazima imuume. Afadhali tangu mwisho wa 2024 makato hayo nayo hutolewa kabla ya kodi.

Lakini hukatwi bure. Mikataba mingi ya bima binafsi ninayoishika inasema kwamba bili ya kulazwa itaondolewa kwanza sehemu ya SHA, kisha kampuni ilipe kilichobaki. Usipokuwa umesajiliwa na kulipia SHA, sehemu ile unaibeba wewe, kadi ya milioni mbili ikiwa mfukoni. Na kukatwa si kusajiliwa. Wako watu ambao payslip inaonyesha makato kila mwezi, lakini mke na watoto hawajawahi kuwaingiza kwenye mfumo, wanakuja kugundua saa nane za usiku mapokezi ya hospitali.

Wapo na wa upande wa pili wanaosema SHA italipa yote. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ipigie simu hospitali ya binafsi unayoipenda, uliza bei yao, fanya kutoa.

"Usiandike sukari kwenye fomu, watakupandishia bei"

Hili naona aibu kulitaja, maana wanaolisambaza wengine ni mawakala. Fomu ya bima inajazwa kwa msingi wa uaminifu kamili, na sahihi pale chini ni yako, si ya wakala. Siku ya bili kubwa kampuni huomba faili lako hospitalini, na daktari ataandika "mgonjwa wa kisukari tangu 2016" bila kujua kwamba anakuzika. Dai linakataliwa, na bima yenyewe inaweza kufutwa. Ukisema kweli utasubiri mwaka, utapewa kikomo kidogo, pengine utaongezwa bei. Vyote hivyo ni nafuu kuliko kulipa ada miaka sita halafu uambiwe hukuwa na bima.

"Bila kuweka pesa hawakugusi"

Kwa dharura, hapana. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni tatu kwa hospitali inayokataa ilhali uwezo inao. Naijua hali ilivyo mapokezini, msinicheke. Lakini kifungu kitaje kwa sauti, umwite msimamizi wa zamu, na uandike jina lake na saa. Mara ngapi nimeona sauti ya dirishani ikibadilika ghafla! Na kumzuilia mgonjwa aliyepona kwa sababu ya deni, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa Nairobi baada ya kujifungua, kwamba ni kinyume cha Katiba. Deni linabaki kuwa deni, watakudai. Wewe huwi dhamana yake.

"Ikifika huko tutachanga"

Kwa fundi wa baiskeli mtaa mzima utachanga, kwa sababu mtaa mzima unajua hana. Wewe una gari, watoto wako wanapanda basi la shule la manjano, na picha za Eid ulipiga Nairobi. Watu wataingia kwenye kundi la WhatsApp, wataandika "tuko pamoja", kisha watangoja aanze mwenye gari kubwa kuliko lako. Sisemi kwa kejeli. Nimekuwa mweka hazina wa michango minne ya namna hiyo, na yote minne iliishia kwenye mkopo.

Nirudi kwa bwana wa Jumatatu. Jana alasiri alinipigia. Amekipata kijitabu, kilikuwa kwa afisa wa utumishi, na amekisoma chote. Milioni mbili ni ya familia. Maradhi ya kudumu ni laki mbili na nusu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kuhusu mamake, ambaye yuko Taita na anameza dawa za presha. Siku zote aliamini yumo. Hayumo; kundi lao ni la mke na watoto tu. Nikamwambia kwamba SHA nayo haimhesabu mzazi kama mtegemezi wako, yeye ni kaya yake mwenyewe. Anasajiliwa kwa jina lake, anatathminiwa, na asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, kwa hiyo akitathminiwa hapo ni 3,600.

"Elfu tatu na mia sita tu? Kwa mwaka?"

Nikamwambia apige *147#, ya kujisajili SHA kwa simu, awe na namba ya kitambulisho cha mama mkononi, na simu ya mama iwe na chaji.